Vuli ya Tabaka: Jiwe na Nyumba



Katika nchi za Ulaya, miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba ni miezi ya majani kupukutika. Siku hufupika, baridi huanza kubisha hodi, na watu hurudi ndani kushika kazi za mikono: huyu hufuma soksi, yule huchonga kijiko cha mti, na wa tatu hulalamika juu ya moshi. Watu wa pwani yetu, miezi hiyo ikianza kuisha, hungoja mvua ndogo waziitazo vuli. Lakini huku Gusii jani la mgomba halijui kupukutika, wala mchai hauachi kuchipua. Kibadilikacho ni mbingu. Asubuhi jua huwaka kama kwamba halijapata kuona wingu. Saa nane upepo wa Ziwa Victoria hukutana na ule wa milimani, mawingu hujikusanya, radi hupiga, na mara nyingine mvua ya mawe hushuka juu ya mabati kwa kishindo hata watu wa nyumba moja wasisikizane.

Leo nataka tuzungumze habari za nyumba za Tabaka katika majira haya. Tabaka iko kusini-magharibi ya mji wa Kisii, katika nchi ya Mugirango Kusini, na sifa yake imeenea duniani kwa sababu ya jiwe lake laini, liitwalo jiwe la sabuni. Laini hilo si la kusifiwa bure, maana kisu cha kawaida hulikata. Liko jeupe, liko la kijivu, liko la manjano, liko la waridi, na liko jeusi. Katika mitaa mingi ya huko, mtu apitaye njiani husikia tupa ikikwaruza kabla hajasikia jogoo, na huona mbele ya nyumba rundo la vipande vyeupe, mithili ya maganda ya mihogo.

Wakati wa kiangazi hapana shida. Mume huketi chini ya mti na panga lake dogo, akalichonga jiwe mpaka likapata umbo la kiboko, au sahani, au mama ampakataye mwana. Mkewe na jamaa zake huketi kando wakiwa na mabeseni ya maji, wakalisugua jiwe hilo kwa msasa, kwanza ule mkali na kisha ule laini, mpaka mikwaruzo yote ikatoweka. Kisha huanikwa juani. Likikauka hutiwa rangi na kuchorwa nakshi kwa chuma chenye ncha, au huachwa na weupe wake, likapakwa nta na kufutwa kwa kitambaa mpaka ling'ae. Ua ni karakana, jua ni tanuri, na nyumba hubaki nyumba.

Vuli ikija, mambo hugeuka. Mvua ya mchana humfukuza mchongaji uani, naye huinua gogo lake la kukalia, panga, tupa na viboko wake saba wasiokwisha, akaingia navyo sebuleni. Hapo ndipo vita vidogo vya nyumba huanza.

Kwanza ni vita vya beseni. Beseni la kuogea watoto limejaa mawe yaliyolowekwa, la kuoshea vyombo lina maji meupe kama maziwa, na la tatu limewekwa chini ya tundu la paa. Jioni mama huita, "Baba watoto, watoto wataogea wapi?" Naye hujibu, "Mama watoto, ngoja kidogo, mawe haya hayajalainika." Kidogo hicho huwa mpaka watoto wamelala na matope yao miguuni.

Pili ni vita vya kisu. Kisu cha jikoni, kilichonolewa jana kwa ajili ya sukuma wiki, leo hakikati hata nyanya, kwa kuwa usiku kilitumika kuchonga masikio ya kifaru. Aliyekitumia hajulikani. Kila aulizwaye hutazama mvua.

Tatu, navyo ndivyo vita vikubwa, ni vita vya vitambaa. Msomaji aliyewahi kukaribishwa katika nyumba za Kenya avijua vitambaa vile vyeupe vifumwavyo kwa sindano ya kroshia na kutandazwa juu ya makochi, juu ya meza na juu ya redio. Ufumaji huo ndio starehe ya akina mama wengi saa za mvua, kazi za shamba zikiwa zimesimama, mahindi yamekwisha vunwa na maharagwe ya msimu wa pili yamekwisha pandwa. Mama hufuma ua moja leo na ua moja kesho. Baba huketi upande wa pili wa chumba hicho hicho akikwangua jiwe kavu. Jioni vitambaa vyapaswa kufuliwa, na vikifuliwa havikauki, kwa sababu ni vuli. Ndipo yule mwenye kufuma humwambia mwenye kuchonga, "Wewe wachonga kiboko, mimi nafua kiboko."

Twaweza kuyacheka haya, na ni vema kuyacheka, maana nyumba isiyocheka hugombana. Lakini ndani ya kicheko hicho limo jambo lisilo la kucheka. Vumbi lile lililotua juu ya kitambaa limetua pia katika pua na kifua cha kila aliyemo chumbani: mchongaji, mkewe, bibi aliyelala karibu na ukuta, na mtoto mchanga aliyefungwa mgongoni. Tena lile tulionalo si baya kuliko yote. Lililo baya ni lile lisiloonekana, chembe ndogo mno ziingiazo mpaka ndani kabisa ya mapafu, ambako kukohoa hakuwezi kuzitoa. Waganga wametufundisha kwamba vumbi la mawe lenye silika, likivutwa kwa miaka mingi, hukausha na kukaza mapafu, na ugonjwa huo ukiisha kushika hauna dawa ya kuuondoa. Bali kuuzuia kwawezekana. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Mchongaji aijua methali hiyo kwa mkono wake, basi na aijue pia kwa kifua chake.

Yuko atakayesema, "Babu zetu walichonga jiwe hili, nao waliishi." Ni kweli walilichonga. Wagusii wa zamani walifanya kwa jiwe hilo bakuli na viko vya kuvutia tumbaku, na unga wake mweupe ulipakwa mwilini kwa pambo. Lakini mzee yule alichonga kiko kimoja baada ya mavuno, nje, katika upepo. Mjukuu wake huchonga vinyago ishirini kwa juma, kwa sababu wanunuzi wa Ulaya na Marekani wataka bidhaa zao zifike kabla ya Krismasi. Jiwe ni lile lile, ila kiasi cha vumbi kimezidi, na mahali pake pamehamia ndani.

Wala hatusemi kazi hii iachwe. Hasha! Ni kazi ya heshima. Mchongaji mashuhuri Elkana Ong'esa ni mtu wa Tabaka, na sanamu yake ya ndege wa amani imesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Tena kazi hii imelipa karo ya watoto wengi, imenunua mabati ya nyumba nyingi, na imemfanya kijana asiye na shamba kubwa aweze kukaa kwao, katika nchi ambayo watu ni wengi na mashamba ni membamba. Tusemalo ni kwamba kazi yenye heshima yastahili mahali pake yenyewe, wala isigawane chumba na kitanda cha mtoto.

Basi mwenye nyumba na asikilize mashauri haya, ambayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza, ajenge kibanda. Nguzo nne za mkaratusi na mabati yaliyotolewa katika paa kuukuu yatosha. Kiwe wazi pande tatu ili upepo upite, na upande wa nne uzibwe kule mvua itokako. Kisiwe mbele ya mlango wa jiko, wala upande ambao upepo wake waelekea nyumbani. Kibanda hicho kwa siku mbili za kazi chamalizika, nacho chaokoa ugomvi wa miaka.

La pili, avue maji ya mvua. Hapa pana ajabu kidogo. Mvua ile ile imfukuzayo mchongaji uani ndiyo imleteayo dawa ya vumbi, maana jiwe lililolowa, likichongwa au likisuguliwa, chembe zake hushikwa na maji zikawa tope, wala haziruki. Katika kiangazi maji yatafutwa mtoni kwa kichwa cha mama. Katika vuli yamwagika bure juu ya bati. Mfereji mmoja ukingoni mwa paa na pipa moja chini yake, basi jiwe lisikatwe kavu tena. Maji meupe yaliyotumika yamwagwe katika shimo, tope litulie huko, yasiteremke kwenye chemchemi ya jirani.

La tatu, tope likikauka sakafuni lisifagiliwe kavu, bali lipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu huliamsha vumbi lililokwisha lala. Kitambaa cha kawaida kilichofungwa puani huzuia chembe kubwa tu, zile ndogo hupita. Kwa hiyo mtu asijidanganye kwamba leso ni ngao. Nguo za kazi zivuliwe kibandani, zifuliwe peke yake, kabla mtoto hajapakatwa.

La nne, saa zigawanywe kwa busara. Asubuhi yenye jua iwe ya kuanika na kupaka nta, kwa kuwa jiwe lenye unyevu halishiki nta vizuri. Mchana wa mvua uwe wa kuchonga na kusugua kibandani, ambako kulowa si hasara. Na usiku uwe wa watoto na vitabu vyao, kwani muhula wa tatu ndio wa mitihani, na taa moja haiwezi kumhudumia mwanafunzi na kifaru pamoja. Baba akitaka starehe baada ya chakula, na ateremshe ubao wa drafti na visoda vyake. Mchezo huo hautoi vumbi.

La tano ni la machimbo. Mashimo ya mawe hujaa maji katika vuli, na kuta zake, zilizokuwa imara wakati wa jua, hulegea. Mtu asichimbe chini ya ukingo ulioinama, wala asimtume mtoto kuokota vipande humo baada ya mvua kubwa. Afadhali jiwe linunuliwe na kuwekwa akiba kabla ya mvua. Jiwe haliozi, na likikauka likawa gumu, lilowekwe.

La sita, nalo nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo lisemwalo kwa nadra, ni la mkono unaosugua. Mnunuzi akija husifu umbo, na sifa humwendea mchongaji. Lakini ule ulaini uliomvuta kukishika kinyago hicho umetoka katika vidole vya mwanamke aliyekaa siku nzima na mikono katika maji baridi, hata ngozi ikachubuka. Iwapo daftari la nyumba laandika bei ya jiwe, bei ya msasa na bei ya nta, basi na liandike pia ujira wa kusugua, nao utiwe katika mkono uliousumbukia. Nimesikia waume wakisema, "Fedha yangu ni fedha yake." Vema, basi haitawawia vigumu kumpa aishike mwenyewe. Pengine itanunua beseni la nne, na vita vya kwanza vitakwisha.

Ndugu zangu wa Tabaka, vuli haikai. Desemba itafika, wana walio Nairobi na Mombasa watarudi kwa sikukuu, na kila nyumba itataka kukaribisha wageni. Mgeni akiketi katika kochi akainuka na suruali nyeupe nyuma, atacheka na kusahau. Mtoto mwenye kikohozi kisichokoma hatasahau. Nguzo nne na mabati machache, juma hili, kabla mvua ya saa nane haijaanza.

Kwa leo na tuishie hapa. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuni mbichi na moshi wa jiko, jambo ambalo naona limekwisha nitangulia katika nyumba nyingi.