Gazeti la Ukutani Lisikatwe Ulimi

Wapenzi wa lugha, nina neno kuhusu gazeti la ukutani katika shule zetu za sekondari.

Ni karatasi chache zilizobandikwa ubaoni, lakini chipukizi wengi wa ushairi husomwa hapo kwa mara ya kwanza. Wahariri ni wanafunzi; mwalimu ni mlezi. Taabu huanza mlezi anapogeuka bawabu. Katika shule moja niliyofundisha, kamati ya gazeti ilipokea tarbia juu ya maharage yaliyobunguliwa. Vina vilipangika, mizani ilitimia. Uongozi ukaamuru isibandikwe, na mahali pake ikawekwa ratiba ya usafi. Kamati haikuulizwa. Toleo lililofuata lilijaa sifa kwa uongozi, na mtunzi yule hakuleta shairi tena.

Tukumbuke Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, hata hivyo watunzi walijibizana humo kwa vina, na Shaaban Robert alikuwa miongoni mwao.

Wapo watakaosema kwamba vijana watatukana. Basi kamati ijiwekee kanuni: matusi yasipite, mtu asitajwe jina, na anayelaumiwa apewe nafasi ya kujibu. Mwalimu asahihishe sarufi na arudi, malalamiko ayaache yalivyo. Na mkuu wa shule akichomwa na beti za mwanafunzi, naye atunge zake, azibandike ubao uleule. Hayo ndiyo malumbano tuliyorithi; kijana aliyejibiwa kwa shairi atatunga jingine.