Kapibara Si Mvamizi

Wanaosifia utulivu wa Nordelta wananichosha. Nimeutembelea mtaa huo wa matajiri ulioko Tigre, nje ya Buenos Aires, na kweli ni kimya: maziwa ya kuchimbwa, nyasi zilizokatwa sawasawa, askari getini. Lakini umejengwa juu ya kinamasi cha mto Paraná, na kinamasi hunywa mvua kama sifongo. Ukikifukia, maji hayapotei; yanatafuta nyumba nyingine ya kuingia, na mara nyingi ni ya maskini aliye nje ya ukuta.

Mwaka wa 2021 wakazi walilalamika eti kapibara, mnyama wa jamii ya panya aliye mzito kuliko mbwa wengi, wamewavamia: wanaharibu bustani, wanauma mbwa wao. Kuvamiwa? Jamani! Mnyama yuko kwao. Aliyekuja na tingatinga ndiye mgeni, na mgeni hamfukuzi mwenyeji jikoni.

Miswada ya kulinda ardhi oevu imefika bungeni Argentina zaidi ya mara moja, ikafia humo. Ipitisheni kwanza. Utulivu tutausifu baadaye.