CD ya harusi ya mama iko wapi?

Wana Garsen, tuambiane ukweli. Kwenye simu tuna selfi elfu mbili, lakini CD ya harusi ya mama iko juu ya kabati ndani ya karatasi ya nailoni, vumbi na mikwaruzo tele. Halafu tunajiita kizazi cha dijitali!

Mimi nilifunzwa na mto. Maji ya Tana yalipoingia kwetu 2018, tulibeba magodoro, mbuzi na vitambulisho. CD tukaisahau. Nyanya alikuwa ndani ya ile CD, akipiga vigelegele. Ameshafariki, na sauti yake sina tena popote.

Msiniambie eti mpiga video ana kopi. Wa kwetu alishafuta zamani apate nafasi. Wala msiseme CD haiharibiki. Hizi za kuchomwa kwa kompyuta zina rangi maalum ndani, inachakaa kwa joto na jua. Na joto la huku mnalijua.

Kazi yenyewe ni ndogo. Nyingi tunazoziita CD ni DVD, na ya kawaida hubeba GB 4.7. Flashi ya GB 32 inameza sita. Nenda saiba, nakili faili zote, zicheze uone kama zinafunguka. Kisha mpe shangazi wa Malindi kopi ya pili, maana kopi mbili kwenye nyumba moja zinazama pamoja.

Mafuriko ya 2018 mliyaona, ya 2023 pia. Mnangoja yapi? Shusha hiyo CD leo.