Kiwanda nacho ni urithi

Aghalabu tukitajiwa urithi wa kale, fikira zetu hukimbilia ngome, misikiti mikongwe na majumba ya wafalme. Kiwanda hakimjii mtu akilini. Kouvola, mji wa kusini-mashariki ya Ufini, watufunza vingine.

Mji huo ni mtoto wa reli. Njia ya Riihimäki hadi St Petersburg ilifunguliwa mwaka 1870, na kufikia 1890 zilikwisha kuungana nayo hapo njia ya kaskazini iendayo Kuopio na ya kusini iendayo bandari ya Kotka. Msitu ulitoa magogo, mto Kymi ukatoa nguvu ya kuendesha mitambo, na garimoshi likachukua karatasi.

Katika eneo la Kouvola ya leo kipo kiwanda cha Verla. Kilianzishwa mwaka 1872 kusaga miti iwe rojo la karatasi, na baadaye kikatengeneza kadibodi. Kilipofungwa mwaka 1964, mitambo haikuuzwa kuwa chuma chakavu. Mwaka 1972 kilifanywa makumbusho, na mwaka 1996 UNESCO ikakitia katika orodha ya Urithi wa Dunia, orodha ile ile ulioingia Mji Mkongwe wa Lamu mwaka 2001. Ndani yake sakafu ya mbao imelika mahali aliposimama mwanamke mmoja akipima kadibodi kwa zaidi ya miaka 50.

Wapo watakaosema kwamba kumbukumbu haipiki chungu. Ni kweli. Kiwanda cha karatasi cha Voikkaa, eneo hilo hilo, kilifungwa mwaka 2006 na mamia ya watu wakakosa kazi. Treni ya abiria ya Allegro, iliyopita Kouvola kwenda St Petersburg, ilikoma Machi 2022 kwa sababu ya vita vya Ukraine. Makumbusho hayakuweza kuzuia hayo.

Lakini mimi naona hiyo ndiyo hoja ya kuhifadhi. Kazi huja na reli, na huweza kuondoka vivyo hivyo. Mfalme ana waandishi wa kumtaja; mpima kadibodi ana ile sakafu tu. Ingeng'olewa, nani angejua kwamba mji ulisimama juu ya miguu yake?

Basi kiwanda kikifungwa, popote kiwapo, yafaa waliofanya kazi humo waulizwe kabla mashine hazijauzwa kwa kilo.