Dalali wa Masasisho Hastahili Funguo Zetu

Umezuka mtindo wa kuweka katika kompyuta za ofisi zetu programu za bure ambazo kazi yake ni kukagua programu nyingine na kutangaza ipi imepitwa na wakati. Wahadhiri wenzangu wanazisifu kwa kuwapunguzia usumbufu. Mimi nazipinga, na hoja yangu ni moja: ulinzi wa taarifa za watu haukabidhiwi kwa dalali.

Tuitazame kazi yenyewe. Ili mkaguzi huyo ajue kipi kimechakaa, sharti aorodheshe programu ulizo nazo pamoja na matoleo yake, na mara nyingi orodha hiyo hupelekwa kwenye seva zake. Orodha ya programu zilizochakaa ni ramani ya nyufa za nyumba yako. Kisha, ili akuwekee toleo jipya, humpa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Ramani na funguo zote zimo mikononi mwa mtu usiyemjua.

Watetezi wake husema kwamba programu isiyosasishwa ni hatari. Ni kweli. Mei 2017, WannaCry ilivamia kompyuta ambazo hazikuwa zimepata kiraka kilichotolewa tangu Machi. Lakini kiraka hicho kilitolewa na Microsoft yenyewe, mwenye programu. Umuhimu wa dawa haumhalalishi kila mchuuzi wa dawa.

Wangapi wanakumbuka yaliyoipata CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta iliyoaminiwa kote duniani? Kati ya 15 Agosti na 12 Septemba 2017, toleo lake la 5.33 lilisambazwa likiwa na mzigo wa wadukuzi ndani yake, huku likibeba saini halali ya kidijitali ya watengenezaji. Lilifika katika kompyuta zipatazo milioni 2.27. Mmiliki wake mpya, Avast, alikuja kubanwa kwa kosa jingine: mwaka 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani ilimtaka alipe dola milioni 16.5, kwa kuwa taarifa za kuvinjari za watumiaji wake ziliuzwa kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot. Rahisi ghali.

Nakiri kwamba hata mlango wa mwenye programu huvunjwa. Juni 2017, NotPetya ilienea kupitia masasisho ya M.E.Doc, programu ya kodi ya Ukraine. Hiyo ndiyo sababu ya kupunguza milango, si ya kuongeza mwingine.

Kompyuta ninazozisema zina alama za wanafunzi, namba zao za simu na barua zao za siri. Mwanafunzi hakuulizwa iwapo anamwamini dalali huyo. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Taasisi zinazokusanya taarifa hizo ndizo zenye dhamana ya kuzilinda. Basi wakuu wa vyuo waagize programu hizi ziondolewe, masasisho yachukuliwe kwa wenye programu, na kazi hiyo wapewe mafundi wetu wenyewe, kwa majina yao, ili panapoharibika tujue wa kumuuliza.