Nyumba imeuzwa, risiti ipo!

Huku Sola jua linatukamua jasho kama kawaida yake. Leo nataka tuzungumzie nyumba. Akina mama msinikodolee macho, sizungumzii nyumba ndogo! Hizo zina wiki yake. Nazungumzia nyumba za serikali, zile zilizojengwa kwa kodi yako wewe na mimi, pamoja na makato ya pamba ya babu zetu wa Usukumani.

Nimeamua kuliandika hili kwa sababu ya neno moja linalonikera pale kijiweni kwetu. Mtu akisimama mkutanoni akauliza, "Jamani, hela ya ile nyumba ya mwalimu imeishia wapi?" basi utasikia watu wananong'ona: "Huyo mpinzani huyo!" Limesemwa kama tusi. Mwenzenu ameuliza risiti, nyie mmeshampa chama!

Haya, tuanze na wapinzani wenyewe, maana ukanda wetu huu unawajua vizuri. Enzi zile Bariadi na Maswa ziko Mkoa wa Shinyanga, kabla Simiyu haijazaliwa mwaka 2012, alitokea bwana mmoja wa Bariadi anaitwa John Momose Cheyo, mwenyekiti wa UDP. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, akagombea urais akiahidi kuwajaza watu mapesa, hadi leo watu wazima wanamwita Bwana Mapesa. Akapata kura 258,734, karibu asilimia 4, akawa wa nne katika wagombea wanne. Akarudi tena mwaka 2000, akawa wa nne vilevile. Watu wakacheka, wakasema mapesa yenyewe yako wapi?

Lakini subiri kidogo. Mwaka 2005 akaingia bungeni kwa jimbo la Bariadi Mashariki, na huko akakabidhiwa uenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali, ile wenyewe wanaiita PAC. Yule aliyeahidi kugawa mapesa sasa kazi yake ikawa kuuliza mapesa yamekwenda wapi! Alikaa na kiti hicho hadi mwaka 2013, Spika Anne Makinda alipozipanga upya kamati na Zitto Kabwe wa Chadema akachukua.

Kwa nini kiti hicho hupewa mpinzani? Utaratibu huo si wa kwetu tu, mabunge mengi yaliyorithi mambo ya Uingereza yanao. Sababu ni ile ambayo mama yeyote wa nyumbani anaijua: usimpe fisi kazi ya kuhesabu mbuzi. Aliyeshika mfuko asiwe ndiye anayekagua mfuko. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, anakagua vitabu kila mwaka, taarifa inakwenda kwa Rais, inafika bungeni, halafu kamati inamwita katibu mkuu wa wizara na makablasha yake. Hapo ndipo kigogo mzima anapotafuta leso!

Na msidhani ni wapinzani watupu mle ndani. Wajumbe wengi wa kamati hiyo ni wa chama tawala, nao wanauliza. Kuuliza hela si mali ya chama.

Sasa turudi kwenye nyumba. Kuanzia mwaka 2002, enzi za Rais Benjamin Mkapa, zile nyakati ambazo mtu akiishiwa alisema ana "ukapa", serikali iliamua kuwauzia watumishi wake nyumba walizokuwa wakiishi. Wizara iliyosimamia ilikuwa ya Ujenzi, na waziri wake alikuwa John Magufuli, ambaye mwaka 2015 alikuja kuwa Rais. Hesabu iliyotajwa bungeni ni nyumba 7,921. Nyingine zilikuwa uchochoroni, nyingine zilikuwa kule Oysterbay ambako kiwanja peke yake kinamtoa mtu udenda.

Tusiwaonee waliouza, walikuwa na hoja zao. Nyumba nyingi zilikuwa za zamani, matengenezo yake yanakula fedha kila mwaka, na mtumishi aliyetumika miaka thelathini anastaafu hana hata kibanda. Akiuziwa kwa kulipa kidogo kidogo, angalau atazeeka chini ya paa lake. Ukisikia hivyo, unatikisa kichwa, unasema sawa.

Lakini wapinzani bungeni hawakutikisa kichwa. Walilirudia jambo hili mwaka hadi mwaka, waziri kivuli akisimama kuisoma hotuba ya ujenzi, nyumba zimo. Hata wabunge wa chama tawala liliwauma, mwaka 2008 Bunge likapitisha azimio la kutaka nyumba zilizouzwa zirudishwe. Mwaka 2015 kwenye kampeni za urais likaibuka tena. Unajua swali lao lilikuwa nini? Halikuwa "risiti ziko wapi?" Risiti zilikuwepo! Mikataba ilikuwepo. Uamuzi ulitoka serikalini wenyewe. Swali lilikuwa fupi tu: atakayekuja kesho atalala wapi?

Hapo ndipo penye utamu wa mada yangu leo, msomaji. Ngoja nikupe mfano wa huku kwetu.

Baba ana maksai wanne wa kulimia. Anawapeleka mnadani, anauza, kibali kipo, ushuru kalipa, risiti kaiweka mfukoni. Jioni anarudi na bati na redio mpya. Ukimkagua, vitabu safi kabisa, hakuna senti iliyopotea. Mvua za kwanza zikinyesha, baba huyo huyo yuko mlangoni kwa jirani: "Ndugu yangu, niazime maksai nilime heka mbili." Jirani anamwambia lete hela. Mwaka huo analipa, mwaka unaofuata analipa, na redio ilishakufa zamani. Sasa niambieni, huyo ameiba? Hajaiba. Lakini nyumba imeingia hasara, na mama alikuwa na haki ya kumuuliza kabla maksai hawajatolewa zizini.

Serikali nayo ndiyo yaliyoikuta. Watumishi wapya hawaachi kuajiriwa, majaji wanateuliwa, wakuu wanahamishwa, na kila mmoja anakuja na familia yake. Wakala wa Majengo, TBA, ikabidi ihangaike na mipango ya kujenga nyumba nyingine za watumishi, Dar es Salaam na Dodoma. Kujenga upya kwa bei za leo si sawa na kutunza ulichojengewa jana.

Kwa hiyo ninapomsikia mtu anajigamba, "Halmashauri yetu imepata hati safi!" mie nafurahi, lakini nusu. Hati safi maana yake hesabu zimeandikwa inavyotakiwa. Haina maana kwamba kilichonunuliwa kilistahili, wala kwamba kilichouzwa kilipaswa kuuzwa. Ni kweli CAG siku hizi anakagua hata ufanisi, lakini mkaguzi anafika jambo likiwa limeshapita. Swali la kabla halina mkaguzi. Linataka mtu mwenye mdomo na asiyeogopa kuitwa majina.

Na hii si ya Dodoma peke yake. Mwalimu akipangiwa shule ya kijijini akakuta hakuna nyumba, atapanga chumba mjini, asubuhi atafika amechoka, akipata upenyo wa kuhama anahama. Anayebaki bila mwalimu ni mwanao, wala si mtoto wa kigogo. Ndiyo maana nyumba ya mwalimu iliyoishia kwenye lenta, na nyasi zinaota ndani, ni habari ya kila mlalahoi.

Silaha tunayo, tumeiacha ioze. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Wangapi tunakwenda? Tunakwenda siku ya msaada wa chakula, siku ya mapato na matumizi tunasema tuna msiba! Halafu tunalalamika kilabuni.

Safari ijayo nenda, msomaji. Uliza maswali mawili tu, kwa adabu, umevua kofia. La kwanza: imeandikwa wapi? La pili, ambalo ndilo zito: tukishauza au tukishanunua, kesho itakuwaje? La kwanza utajibiwa kwa karatasi. La pili utatazamwa vibaya. Mwenyekiti atakohoa, mtendaji atafungua daftari upya, na jirani yako atanong'ona lile neno.

Wakikuita mpinzani, waitikie. Bungeni walikuwa wakimwita waziri kivuli aliyeuliza maswali ya namna hiyo, na sie watu wa Simiyu tunajua thamani ya kivuli saa saba mchana.

Mie naomba kutoa hoja. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, hapo ndipo tutaongea zile nyumba nyingine. Akina baba, mjiandae!