Shimo Kabla ya Mche

Wapo watu wasemao kwamba mtoto mwenye usonji akimaliza shule ya msingi amefika mwisho wa safari yake. Wengine hawasemi hivyo, ila hutenda yaliyo sawa na hayo: humvika sare mpya, humwacha katika shule ngeni kama gunia lishushwalo garini, na akishindwa husema, "Tulijua." Nakusihi, msomaji, usiwe katika kundi la kwanza wala la pili.

Usonji si wazimu, si laana ya ukoo, wala si tunda la malezi mabaya. Ni namna ya ubongo kukua tangu utotoni, ambayo daktari Leo Kanner aliieleza huko Marekani mwaka 1943. Mwenye usonji aweza kuwa hodari wa hesabu, lakini akashindwa kuzungumza na jirani yake. Mwingine hasemi kabisa. Wengi huumizwa na kelele ambazo wewe huzisikii tena kwa mazoea. Wengi hushika neno kama lilivyo: mwalimu akisema, "Fungua masikio," huweza kuyapapasa masikio yake akitafuta kifuniko. Na aghalabu hupata utulivu katika utaratibu usiobadilika ghafula. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Basi usidhani nazungumza habari za watu wa mbali.

Fikiri sasa shule mpya ni kitu gani kwake. Tangu mwaka 2023 Gredi ya 7 husomwa, mara nyingi, katika uwanja uleule wa shule ya msingi; hatua kubwa ya kuhama ni ile ya Gredi ya 10, ambayo wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Januari 2026. Hapo hubadilika yote kwa siku moja: walimu, kengele, bweni, foleni ya maji alfajiri, mlio wa vijiko na sahani bwaloni. Anayeziba masikio yake huambiwa ana kiburi. Anayekimbia kelele huambiwa ni mtoro.

Mtetezi wa ukali hunijibu, "Samaki mkunje angali mbichi. Dunia haitamngoja; na akomae." Maneno matamu, lakini methali ilisema mkunje, haikusema mvunje! Nenda Karurumo, karibu na Runyenjes katika kaunti ya Embu, ukamtazame mkulima wa kahawa. Mche ukiwa kitaluni huuwekea kivuli. Siku za kuuhamisha zikikaribia, hukipunguza kivuli hicho kidogo kidogo mpaka uzoee jua. Mashimo huyachimba mapema, akachanganya udongo na samadi, akangoja mvua. Siku ya kupanda huuchukua mche pamoja na udongo wa mizizini. Je, mkulima huyu hakomazi? Hukomaza, tena vizuri; lakini hajapata kuung'oa mche kwa nguvu, kuutupa juani, kisha akaulaumu kwa kunyauka. Tunalompa mche wa kahawa, tutamnyimaje mtoto wa mwenzetu?

Mwingine husema, "Aende shule maalumu." Wapo wanaohitaji shule hizo, nazo yapasa ziwe nzuri. Lakini hiyo si ruhusa ya kumfungia mlango awezaye kusoma pamoja nasi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 54, humpa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika shule zinazomchanganya na jamii, kwa kadiri ipatanayo na maslahi yake. Nayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 hukataza kumtesa mwanafunzi, mwili au akili.

Shimo la mche huu halihitaji fedha nyingi. Mgeni na aletwe shuleni kabla ya siku ya kufungua, uwanja ukiwa kimya, aonyeshwe darasa, kitanda na choo. Apewe ratiba yake katika karatasi, na mabadiliko aambiwe mapema. Mwalimu wake wa zamani amwandikie mwalimu mpya: nini humtuliza, nini humtisha. Pawepo mahali pamoja pa kupumzikia kelele, na mtu mmoja wa kumwendea. Haya ni juu yetu sisi walimu na wazazi.

Lakini kuna jambo moja ambalo hakuna mwalimu awezaye kulitenda, ila wewe. Taa zikizimwa bwenini, mwalimu hayupo. Ile desturi ya kuwaonea wageni, kuwanyang'anya sabuni, kuwaimbisha juu ya vitanda na kucheka, humwumiza kila mgeni. Mwenye usonji yaweza kumfukuza shuleni kabisa. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na wewe leo ndiwe mwenyeji. Mwambie waziwazi unalotaka, bila mafumbo. Akinyamaza, usimlazimishe kusema. Akikaa peke yake, muulize mara moja kama ataka mwenzi, kisha uheshimu jibu lake. Na wenzako wakianza kumcheka, usicheke nao, uwaambie waache.